Kidonge cha Maji Kinapokataa

  Leo tunazungumza juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi hapa Molo, Elburgon, Turi na hata kule juu Kuresoi: mgonjwa wa moyo anameza vidonge vya kutoa maji kila siku, lakini miguu inaendelea kuvimba.

Hebu tuchukue mfano. Mama mmoja anamtunza mama mkwe wake. Mwaka jana nyanya huyu alilazwa hospitalini kwa sababu moyo wake umeshindwa kusukuma damu inavyotakiwa. Aliporudi nyumbani alipewa furosemaidi, dawa ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix. Mwanzoni alikojoa mara nyingi, miguu ikanywea, akarudi kukaa mlangoni akichambua maharagwe. Sasa ni miezi mitano. Viatu vyake vya mpira havimtoshei tena. Usiku hawezi kulala chali, mpaka aegemee mito mitatu. Jirani anakuja kumwona, anatikisa kichwa, anasema: "Hiyo dawa imeshamzoea. Mwongezee, ama uiache kabisa mtafute nyingine."

Mama huyu afanye nini? Akiongeza vidonge mwenyewe, anaweza kuharibu figo za nyanya au kumwangusha kwa kizunguzungu. Akiacha dawa, maji yatapanda mpaka kwenye mapafu. Akinyamaza tu na kungoja siku ya kliniki, huenda siku hiyo ikamkuta amechelewa.

Nataka nikuambie kwamba jirani amesema kweli, lakini nusu. Dawa ya maji inaweza kweli kukataa kufanya kazi. Madaktari wamepambana na jambo hili kwa karibu miaka mia moja. Tukiijua historia yake, tutaelewa kwa nini inakataa, na mtu wa nyumbani anaweza kufanya nini.

Maji haya yanatoka wapi?

Moyo ni pampu. Pampu ikichoka, damu haifiki vizuri kwenye figo. Figo hazina macho. Zikiona damu imepungua, zinadhani mwili umeishiwa maji, kama mtu aliyetembea juani kutwa nzima. Kwa hiyo zinashikilia chumvi, na chumvi inashikilia maji. Kumbe maji yako tele mwilini! Yanateremka miguuni, yanajaa tumboni, yanaingia mapafuni. Ndiyo maana mgonjwa anavimba, anachoka, na anakosa pumzi akilala.

Dawa ya maji inaziambia figo: achilieni chumvi. Chumvi ikitoka, maji yanaifuata. Kumbuka mfuatano huu, chumvi kwanza, maji baadaye, kwa maana ndio ufunguo wa mazungumzo yetu yote.

Mimea, mirija na zebaki

Zamani kuvimba kwa mwili kulihesabiwa kuwa ugonjwa wenyewe, wala si dalili ya ugonjwa wa moyo. Huko Uingereza, mwaka 1775, daktari William Withering aliulizwa juu ya dawa ya mitishamba ya mama mmoja mzee wa jimbo la Shropshire. Mama huyo alikuwa ameificha siri yake, na aliwaponya watu waliovimba baada ya madaktari kushindwa. Dawa ilikuwa na mimea zaidi ya 20. Withering akatambua kwamba mmoja tu ndio uliofanya kazi, mmea wa digitalisi. Kwa miaka 10 alijaribu vipimo mbalimbali, akaandika nani alipona na nani alitapika au kuzidiwa, halafu mwaka 1785 akachapisha kitabu. Dawa inayotokana na mimea ya jamii hiyo, dijoksini, bado inatumika kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Mama mzee alijua mmea. Daktari aliongeza jambo moja, alipima na kuandika.

Lakini si kila mgonjwa alisaidika. Katika karne ya 19 madaktari walikuwa bado wakichoma ngozi ya miguu iliyovimba ili maji yatoke. Daktari wa London, Reginald Southey, alitengeneza mirija myembamba iliyoingizwa chini ya ngozi, na maji yakadondoka ndani ya chombo kwa saa nyingi. Mgonjwa alipata nafuu, lakini vidonda viliweza kuoza. Fikiria, mama, tumetoka mbali.

Sasa twende mji wa Vienna, Austria, mwaka 1919. Mwanafunzi wa udaktari, Alfred Vogl, alikuwa na mgonjwa msichana aliyeugua kaswende. Alimdunga sindano ya dawa mpya iliyokuwa na zebaki, akikusudia kutibu kaswende. Katika wodi hiyo wauguzi walikuwa wakipima mkojo wa mgonjwa kila siku na kuuandika kwenye chati. Vogl alipotazama chati aliona kwamba siku za sindano mkojo uliongezeka sana, na siku zisizo na sindano ulipungua. Alijaribu kwa wagonjwa waliovimba kwa sababu ya moyo, nao wakakojoa lita nyingi. Hivyo ndivyo dawa ya kwanza ya maji yenye nguvu ilivyopatikana. Iligunduliwa kwenye chati ya wauguzi! Kama wangemwaga mkojo bila kupima, hakuna ambaye angejua.

Sindano za zebaki zilitumika kwa zaidi ya miaka 30. Na ni wakati huo huo madaktari walipoanza kuona jambo ambalo jirani yetu ameliona: mgonjwa anadungwa leo anakojoa, wiki chache baadaye anadungwa na hakuna kitu. Walichunguza damu wakagundua kwamba dawa yenyewe ilikuwa imeondoa kloridi nyingi mwilini, na kloridi ikipungua zebaki hainyi kazi vizuri. Walipompa mgonjwa chumvi ya amonia kabla ya sindano, mkojo ulirudi. Angalia jambo hili vizuri. Dawa ilikataa kwa sababu fulani, na sababu ilipotafutwa ilipatikana. Walioongeza zebaki tu bila kutafuta sababu waliongeza sumu.

Kidonge kinakuja nyumbani

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mambo yalibadilika. Wanasayansi wa kampuni ya Merck huko Marekani, wakiongozwa na Karl Beyer, walitengeneza klorothayazidi, kidonge cha kumezwa. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Hoechst ya Ujerumani ilileta furosemaidi, yenye nguvu zaidi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, furosemaidi ilikuwamo. Leo ni dawa ya kawaida katika hospitali zetu.

Hii ilikuwa baraka kubwa. Mgonjwa hakuhitaji tena kulazwa wiki kwa wiki ili adungwe. Aliweza kurudi kwake, akakaa na watu wake, akameza kidonge na chai ya asubuhi.

Lakini kuna kitu kilichosahaulika. Hospitalini kulikuwa na muuguzi, mizani na chati. Kidonge kilikuja nyumbani, chati ikabaki hospitalini. Muuguzi wa nyumbani ni wewe, mama, na mara nyingi hakuna aliyekuambia hivyo. Hukupewa karatasi, hukuonyeshwa cha kuandika. Ndiyo maana dawa ikianza kukataa, nyumbani hatujui mpaka viatu vishindwe kuingia.

Turudi kwetu Kenya

Huenda ukasema, hayo ni ya Ulaya. Basi sikiliza ya hapa kwetu. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya serikali ya kikoloni upande wa Kisii, aliandika katika jarida la madaktari kwamba kwa miaka miwili, kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa, hakuna hata mmoja aliyetambuliwa kuwa na ugonjwa wa presha. Alipima pia watu wapatao 1,000 wenye afya, akaona presha yao haipandi wanapozeeka.

Mambo hayakubaki hivyo. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walichapisha utafiti juu ya Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya wakahamia Nairobi. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Presha ya waliohamia ilianza kupanda mapema baada ya kufika mjini, na mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi zaidi, huku potasiamu inayopatikana kwa wingi katika vyakula vya shambani ikipungua.

Mwaka 2015 uchunguzi wa kitaifa ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha iliyopanda, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Kabla ya hapo, mwaka 2012, kulichapishwa utafiti wa wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa sababu ya moyo kushindwa katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Sababu iliyoongoza ilikuwa presha. Wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa miaka 52 tu. Na ndani ya miezi sita, karibu wagonjwa 18 kati ya kila 100 walikuwa wamefariki.

Miaka 52 si uzee. Huyo ni mtu anayelipa karo, anayepanda viazi, anayekamua ng'ombe. Wengine ni wadogo zaidi: vijana ambao moyo uliharibiwa na homa ya baridi yabisi baada ya vidonda vya koo utotoni, na akina mama ambao moyo ulidhoofika karibu na wakati wa kujifungua. Mama aliyejifungua akikosa pumzi au akizidi kuvimba, usiseme ni uzazi tu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Sababu ya kwanza: chumvi ya jioni

Sasa tuingie jikoni. Kidonge cha furosemaidi kikimezwa kinaanza kazi kwa muda wa saa moja hivi, na nguvu yake hudumu karibu saa sita. Siku ina saa 24. Je, saa 18 zilizobaki figo zinafanya nini?

Mwaka 1983 Christopher Wilcox na wenzake walilijibu swali hilo. Waliwapa watu wenye afya furosemaidi, wengine wakila chumvi nyingi na wengine chumvi kidogo sana. Wote walikojoa chumvi nyingi katika saa za kwanza. Lakini dawa ilipokwisha nguvu, figo zilianza kushikilia chumvi kwa bidii. Waliokula chumvi nyingi walirudisha yote waliyokuwa wameipoteza. Mwisho wa siku ilikuwa kana kwamba hawakumeza kitu. Waliokula chumvi kidogo hawakuwa na cha kurudisha, kwa hiyo maji yao yalipungua kweli.

Mama, hapo utaona kwamba kidonge cha asubuhi kinaweza kufutwa na chakula cha jioni. Haba na haba hujaza kibaba, na chumvi ndivyo inavyojaza miguu. Huenda ukasema, "Mimi simwekei chumvi nyingi." Hebu tuhesabu pamoja. Kuna chumvi ya sufuria na chumvi inayonyunyizwa mezani. Kuna viungo vya mchuzi vya paketi, ambavyo sehemu yake kubwa huwa ni chumvi. Kuna mkate, krispi, soseji na nyama zilizokaushwa kwa chumvi. Na kuna magadi.

Wengi wetu tunatia magadi kwenye githeri, maharagwe au mboga za kienyeji ili ziive upesi na kulainika. Magadi hayo hutoka Ziwa Magadi, humu humu katika Bonde la Ufa, ambako yamechimbwa na kampuni tangu mwaka 1911. Magadi si chumvi ya mezani, lakini sodiamu iliyomo ni ile ile inayoshikilia maji mwilini. Baking powder na baking soda ya mandazi ni vivyo hivyo. Kwa mgonjwa wa moyo, loweka maharagwe usiku kucha badala ya magadi, na utie ladha kwa kitunguu, kitunguu saumu, dania, tangawizi na limau. Mtolee chakula chake kwanza kabla hujaweka chumvi ya watu wengine.

Onyo moja. Usimnunulie chumvi mbadala ya dukani bila kumwuliza daktari. Nyingine zimejaa potasiamu, na kwa mgonjwa anayetumia baadhi ya dawa za moyo potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo.

Sababu ya pili: dawa haifiki inakotakiwa

Fikiria lori la viazi lililokwama kwenye matope ya Kuresoi wakati wa mvua. Watu kumi wakisukuma kwa pamoja, linatoka. Watano wakisukuma asubuhi na watano jioni, linabaki pale pale. Furosemaidi iko hivyo. Kuna kiwango ambacho chini yake haifanyi lolote. Kwa mgonjwa ambaye figo zimedhoofika, kiwango hicho kiko juu zaidi. Kwa hiyo mtu anayekata kidonge nusu ili dawa ifike mwisho wa mwezi anaweza kuwa anakosa vyote viwili, pesa na nafuu. Kama shida ni pesa, usione haya. Mwambie daktari au mhudumu wazi. Anaweza kupanga njia nyingine. Hawezi kupanga asilolijua.

Kuna pia dozi zinazorukwa. Tuseme ukweli: hapa Molo baridi ya usiku si mchezo, na choo kiko nje. Mgonjwa aliyepewa dozi ya pili anaogopa kuimeza jioni. Siku ya kwenda Nakuru naye hamezi, kwa sababu kwenye matatu hakuna mahali pa kujisaidia. Akifika kliniki, daktari anaona amevimba na kudhani dawa imeshindwa. Kumbe haikumezwa! Hakuna haja ya kumgombeza mgonjwa. Mwulizeni daktari kama dozi ya pili inaweza kumezwa mapema mchana, na kama siku ya safari anaweza kumeza akishafika. Na mwekee ndoo au chombo chumbani asitoke nje usiku.

Mara nyingine dawa inamezwa vizuri lakini tumbo nalo limevimba kwa ndani, na kidonge kinaingia kwenye damu polepole mno. Mgonjwa kama huyo anaweza kuhitaji sindano ya mshipa kwa siku chache hospitalini, halafu vidonge vinaanza kufanya kazi tena.

Halafu kuna dawa za maumivu. Nyanya anaumwa na magoti, mjukuu anamnunulia ibuprofeni au diklofenaki dukani. Dawa hizi huzifanya figo zishikilie chumvi na huipunguzia dawa ya maji nguvu. Zinaweza pia kuumiza figo. Ukienda duka la dawa, sema kabla ya yote: "Namnunulia mgonjwa wa moyo." Na kama anatumia dawa za mitishamba, usifiche. Mwambie daktari, uende nayo akaione.

Sababu ya tatu: figo kweli huzoea

Hapa ndipo jirani alipopata ile nusu yake ya ukweli. Katika miaka ya 1980 wanasayansi walichunguza figo za panya waliopewa furosemaidi kwa siku kadhaa mfululizo. Ndani ya figo kuna mirija midogo midogo. Furosemaidi inafunga mlango mmoja wa mirija hiyo ili chumvi isirudi mwilini. Wanasayansi waliona kwamba sehemu ya mbele ya mirija, inayopokea chumvi ile iliyopita, ilikuwa imenenepa. Ilikuwa imeongeza nguvu ya kuinyakua chumvi na kuirudisha kwenye damu. Ni kama umeziba tundu moja la ua, mbuzi wakapanua jingine.

Kwa hiyo, ndiyo, mwili unaweza kuzoea. Lakini kuacha dawa hakusaidii kitu, na kumwaga vidonge juu ya vidonge nyumbani ni hatari. Daktari hufunga tundu la pili. Anaweza kuongeza kidonge cha jamii ya thayazidi, kile kilichozaliwa miaka ya 1950, kinachofanya kazi mahali pale palipozoea. Dawa hizi mbili pamoja zina nguvu nyingi, na zinaweza kushusha potasiamu na sodiamu ya damu kwa siku chache tu, ndiyo maana lazima damu ipimwe.

Tafiti zimeendelea mpaka miaka yetu hii. Mwaka 1999 utafiti wa wagonjwa 1,663 wenye moyo uliodhoofika sana ulionyesha kwamba dozi ndogo ya spironolaktoni, ikiongezwa juu ya dawa za kawaida, ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Mwaka 2011 utafiti wa wagonjwa 308 waliolazwa Marekani na Kanada ulilinganisha dozi kubwa na ndogo za furosemaidi. Waliopewa dozi kubwa walitoa maji zaidi, lakini kwa baadhi yao kipimo cha figo kiliyumba kwa muda. Mwaka 2019 dapagliflozini, iliyoanza kama dawa ya kisukari, ilionekana kuwasaidia wagonjwa wa moyo hata wasio na kisukari. Na mwaka 2022, huko Ubelgiji, asetazolamidi, dawa ya zamani ya miaka ya 1950, ilijaribiwa pamoja na sindano ya dawa ya maji kwa wagonjwa 519. Baada ya siku tatu, wagonjwa 42 kati ya kila 100 walikuwa wamekaukiwa maji vizuri, wakati waliopata sindano bila asetazolamidi walikuwa 30 kati ya 100.

Kwa ufupi, dawa ikikataa bado kuna njia. Lakini daktari hawezi kuchagua njia kama hajui ni sababu gani kati ya hizi tatu. Na shahidi wa mambo hayo ni wewe unayekaa naye.

Rudisha chati nyumbani

Tafuta daftari la mtoto, lile la kurasa chache. Kila asubuhi, mgonjwa akishakojoa na kabla hajanywa chai, mpime uzito akiwa na nguo zile zile. Andika tarehe na kilo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mizani huona maji kabla ya macho. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo mbili kwa siku tatu, hayo ni maji, si shibe. Usingoje siku ya kliniki. Mpigie mhudumu au mpeleke.

Kama huna mizani, omba kwa mhudumu wa afya ya jamii au pima kwenye duka la dawa mara kwa mara. Tena unaweza kutumia uzi. Uzungushe juu kidogo ya kifundo cha mguu, ufunge fundo pale unapokutana, na ulinganishe kila asubuhi. Bonyeza mfupa wa mguu kwa kidole gumba. Shimo likibaki, andika. Hesabu mito anayolalia. Andika dozi zilizomezwa na zilizorukwa, na dawa nyingine yoyote aliyotumia. Andika pia kama ameanza kukojoa kidogo kuliko kawaida baada ya kidonge.

Siku ya kliniki nenda na daftari hilo pamoja na vidonge vyote. Daktari akisema "aongeze", mwulize: kwa siku ngapi, na damu itapimwa lini?

Mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku, akikosa pumzi akiwa amekaa, akikohoa povu la rangi ya waridi, akizimia, akichanganyikiwa, akiumwa na kifua, au akikaa siku nzima bila mkojo. Na akiharisha au kutapika, akikauka mdomo, akipata kizunguzungu au mikakamao ya misuli, huenda maji yametoka kupita kiasi. Ongea na mhudumu kabla ya kumpa dozi inayofuata.

Turudi kwa yule mama wetu wa mfano. Akianza daftari, labda ataona kwamba uzito unapanda kila baada ya githeri ya magadi. Labda ataona dozi za jioni zimerukwa siku tisa. Au ataona kwamba kila kitu kimefanywa sawasawa na bado kilo zinapanda, na hapo atakuwa na la kumwambia daktari: "Hakuacha dawa, hakula chumvi, na tazama, amepanda kilo tatu tangu Jumapili." Maneno hayo yatamsaidia nyanya kuliko kumwambia daktari kwamba dawa imemzoea.

Mwaka 1919 wauguzi wa Vienna walipima tu na kuandika, bila kujua kwamba karatasi yao ingesaidia dunia nzima. Daftari lako halihitaji kusaidia dunia. Likimsaidia mmoja alale chali usiku wa leo, yatosha.

Ya kukumbuka

1. Chumvi kwanza, maji baadaye. Magadi nayo yahesabiwe.
2. Usiongeze, usikate nusu, wala usiache dawa ya maji bila ushauri.
3. Epuka ibuprofeni na diklofenaki kwa mgonjwa wa moyo.
4. Uzito kila asubuhi, daftarini. Zaidi ya kilo mbili kwa siku tatu, chukua hatua.

Ya kujadili katika kikundi

Ni vyakula gani vya nyumbani kwenu vyenye chumvi au magadi yaliyojificha? Ni mambo gani yanayomfanya mgonjwa wenu aruke dozi, na mnaweza kumsaidiaje bila kumgombeza? Ni nani katika mtaa wenu mwenye mizani ambayo jirani anaweza kuitumia?